Anayefagia Uwanja wa Kanisa

Mama anayefagia uwanja wa kanisa letu hapa Mzenga hufagia kinyumenyume, ameinama, mkono wa kushoto mgongoni, ili nyayo zake zisibaki mchangani. Tangu azike mwanawe, kila Jumapili alinisubiri mlangoni na ufagio wake wa chelewa. "Mwinjilisti, Mungu alikusudia nini?" Nami, huku nikitafuta funguo za pikipiki, nilimjibu kwamba Mungu hakosei. Mwezi uliopita nilimzika binti yangu. Matanga yalipokwisha, mama yule alikuja peke yake, akafagia uwanja wangu wote. Nikamuuliza, "Mama, Mungu alikusudia nini?" Akanyooka taratibu. "Sijui, Mwinjilisti. Ningejua nisingekuuliza." Nyumbani kwake, tangu siku ya maziko ya mwanawe, sikuwahi kurudi.