Beseni la Rodion

Klavdia alizikuta chini ya kitambaa cha meza: karatasi za mumewe Rodion, mchora ramani za ndege za kivita huko Moscow. Kachora beseni la kuogea, tena lenye kiti! Wakati bafu lao wanalipangia foleni familia nne.

"We mwanamume, unamjengea nani bafu? Hawara yako, eti?"

"Mama Lida, punguza sauti. Ni siri. Hata wakubwa hawajatuagiza, tunachora kimyakimya."

"Siri ya beseni? Unaniona zoba?"

Rodion akanong'ona, majirani wasisikie. "Ni la chuma. Rubani atakaa humo, akiruka chinichini kupiga vifaru, risasi zisimpate."

Klavdia akainamia karatasi. Kaka yake alikuwa rubani vitani. Risasi zilimtoboa mgongo.

Akagusa mchoro kwa kidole. "Hapa nyuma mbona pembamba? Ongeza."