Baadaye ya Bibi Sweta

Bibi Sweta hakuwa mtu wa kusema baadaye. Mteja akimjia na nembo ya shule, alimpa siku, na siku hiyo ikifika sweta lilikuwa limekunjwa mezani, hata kama vidole vimevimba. Asipoweza alisema siwezi, tena usoni. Neno baadaye aliwaachia mafundi waongo, na mtaani walikuwapo wa kutosha.

Ndiyo maana kidirisha kimoja cha kwenye kompyuta kilikuja kumkosesha raha. Kila asubuhi alipowasha kompyuta iliyokaa kando ya mashine ya kufumia, na kufungua programu ya kuchorea nembo, kidirisha kilitangulia. Kusoma kwake ni kwa kuungaunga silabi. Alichosoma sawasawa ni visanduku vya rangi, kila kisanduku kitanzi kimoja cha uzi. Mkamwana wake, karani wa ofisi, aliyemwekea programu hiyo, alimwonyesha tangu mwanzo: bonyeza hapa kushoto, kinaondoka. Akabonyeza miaka miwili.

Siku moja ya mvua, wateja hakuna, akakaa akaliunga neno la pale kushoto. Ba-a-da-ye. Juu yake paliandikwa kwamba programu ni ya bure, inatengenezwa kwa michango ya wanaoitumia, je, utatuchangia?

Mkamwana aliporudi kazini alimkuta kwenye stuli, mashine imefunikwa kitambaa. Alipoelezwa alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema watu wote hubonyeza hapo, na hakuna anayekuja kudai.

"Mama, hicho ni kitufe tu."

"Kitufe hakiombi, mwanangu. Aliyeomba ni mtu. Nami namjibu baadaye, baadaye, miaka miwili, kama fundi mlevi."

Akataka kujua ni akina nani. Mkamwana akaeleza alivyoweza: watu waliotawanyika, wengine hawajuani hata sura, wanaitengeneza wakitoka kwenye kazi zao, kisha wanamwachia yeyote aitumie. Bibi Sweta akakumbuka kwamba zamani programu ilikuwa ikiruka mstari mmoja shingoni, yeye akiufidia kwa kichwa, halafu asubuhi moja ikaacha. Alidhani imejirekebisha kwa kumwogopa.

"Nani aliirekebisha?"

"Haohao."

"Na ujira?"

"Hakuna, mama."

Kufumua kosa kwenye sweta la mtu usiyemjua, tena bure, uzito wake Bibi Sweta aliujua.

Mkamwana akajitolea kutuma yeye, yaishe. Thubutu! Kauli ya mama mkwe haitimizwi na mkamwana. Akavaa miwani, akatoa simu yake mwenyewe, akatuma bei ya sweta moja la mtoto, lenye mifuko. Palikuwa na nafasi ya kuandika neno, kwa anayependa. Chai ilipashwa moto mara mbili kabla hajamaliza: "Nilisema baadaye. Ndiyo hii."

Kesho yake kidirisha kikatokea tena, vilevile. Mkamwana, kiatu kimoja mguuni, akasimama mlangoni akingoja ugomvi. Bibi Sweta akashusha kidole hadi kitufe cha chini kabisa, ambacho hakikuwahi kumhusu. Akakiunga taratibu, kwa sauti ya kusikika barabarani: ni-me-sha-cha-ngi-a. Akabonyeza. Kisha akavuta uzi wa bluu, akaanza mkono wa kushoto.