Karata za Maji Zilizobaki Mutsamudu

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga. Nilipolifungua ikatoka harufu ya karafuu, kali hata nikapiga chafya mbele ya wanawake waliokuja kusoma hitima. Kule Ndzuani, kisiwani kwa mama yangu, watu hutia karafuu popote penye nguo au karatasi, wadudu wasije. Chini ya karafuu zile kulikuwa na karata za maji, ishirini na mbili, zimefungwa kwa uzi mweusi. Nilizijua kabla sijazigusa. Na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, halikuwa machozi. Nilisema moyoni: kumbe alikuwa nazo zote, mkaidi huyu.

Niwaeleze tangu mwanzo. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na mdogo wangu Faridi alikuwa na tisa. Tulikaa Moroni, mji mkuu, ulio kisiwa kingine, kwa sababu baba alikuwa mtu wa pale, lakini mama alikuwa Mndzuani wa Mutsamudu. Mjomba mmoja alikuja harusini kutoka Marseille akatuletea sanduku la karata. Hazikuwa za kuchezea kama zile za wazee. Hizi zilikuwa na wanyama wa ajabu: simba wa shaba, nyoka wa vichwa vitatu, ndege mwenye mapanga badala ya mbawa. Wachezaji wawili walipambana, kila mmoja na fungu lake la karata arobaini alizozichagua mwenyewe. Sheria ziliandikwa kwa Kifaransa kwenye karatasi nyembamba, kama ile inayokuja na dawa. Pamoja na wanyama kulikuwa na karata za maji na za moto, tupu, rangi ya buluu au nyekundu tu. Watoto wengi wa mtaa waliletewa karata kama zetu, na hakuna aliyezitaka hizo.

Kisha ukaja mwaka ule mbaya. Ndzuani ilikuwa imejitangaza kuwa nchi peke yake, na siku moja vijana wa Moroni wakaanza kuwasaka Wandzuani mitaani na kuwaambia warudi kwao. Mama alifunga mizigo asubuhi hiyohiyo. Alikuwa na nyumba yake Mutsamudu, aliyojengewa na babu kama wanavyojengewa mabinti wote kule, na alisema ni wiki mbili tatu tu. Faridi angekwenda naye. Mimi nilikuwa na mtihani wa kuingia koleji, yaani sekondari, kwa hiyo nikaachwa kwa shangazi, dada yake baba.

"Gawaneni vitu vyenu upesi," mama alisema, na teksi inapiga honi nje.

Nikagawa mimi. Sitaficha: nilimdhulumu. Nilichukua karibu wanyama wote, nikamwachia wanyama sita wadogo na lundo la maji. "Angalia zilivyo buluu," nikamwambia. Akaziangalia, akafurahi. Nikajiona nina akili sana.

Akili hiyo ilidumu siku nne. Mtaani kulikuwa na Abdu, mtoto wa mwoka mikate, ambaye hakuwahi kushindwa, na kwenye ngazi za duka nilikaa nikamtazama akicheza hadi nikagundua siri yake. Mnyama hatoki mkononi kwenda mezani mpaka umemlazia karata za maji au za moto wake, na mkubwa hudai nyingi. Abdu alikuwa na wanyama wachache, wadogowadogo, na moto tele. Wenzake walishika mijoka mikubwa mkononi, haitoki, na yeye anawamaliza kwa mijusi. Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu nyuma ya daftari: maji kumi na saba, wanyama wadogo kumi na sita, wa kati wanne, wakubwa watatu. Jumla arobaini. Fungu kama hilo lingemmaliza Abdu. Nilikuwa na kila kitu isipokuwa maji, na wanyama wangu karibu wote walikuwa wa maji, moto hauwatoi.

Na nilitaka kummaliza. Tangu mama aondoke Abdu aliacha kuniita Zaina. Aliniita Mndzuani. "Mndzuani, boti yako haijafika?" Wengine wanacheka. Siku ya pili ya Idi kulikuwa na mashindano ya mtaa mzima, na mimi niliamini kabisa kwamba nikimshinda mbele ya watu nitakuwa mtu wa Moroni tena.

Basi nikamwandikia Faridi: nitumie maji yote. Simu hazikuwa zikishika, barua zilipelekwa na yeyote aliyepata safari. Na hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha. Kwetu mtu akitoka safari humtumi mtoto mlangoni kuuliza mzigo. Unakwenda kumpa pole ya safari. Shangazi alinivisha nguo safi, tukapanda teksi hadi Ikoni kwa mama mmoja muuza vitenge aliyetoka Mutsamudu. Tukakaa mkekani. Shangazi akauliza hali ya mama, ya bibi, ya jirani wa bibi, ya mguu wa jirani wa bibi. Ikaja sharubati. Ikaja keki kavu. Bahasha yangu naiona pale juu ya kabati, na kuitaja ni utovu wa adabu. Saa nzima! Tulipoaga ndipo yule mama akasema, "Eh, na huyu ana kitu chake."

Ndani mlikuwa na mjusi mmoja. Mnyama! Na maandishi ya Faridi yaliyolalia upande: "Dada, umeme hakuna. Mama amepanda mihogo uani. Meno yangu mawili yametoka. Nimekutumia mjusi, ni mzuri. Niandikie."

Nikaandika tena, kwa herufi kubwa: MAJI. ZA BULUU. Baada ya wiki mbili tukaenda Vouvouni kwa msafiri mwingine, sharubati nyingine, mguu wa jirani umepona, na ndani ya bahasha mna kobe. "Dada, darasani kuna mtoto anayeweza kupiga mluzi kwa pua. Niandikie." Nikamchorea karata ya maji. Akanitumia popo. Nikamwandikia kwamba ana kichwa kizito kama jiwe la kusagia. Akanitumia pweza na kuniuliza kama paka wa shangazi amezaa. Barua mbili nyingine zikaenda hivyohivyo, wakarudi wanyama wake wawili wa mwisho.

"Labda haelewi," shangazi alisema.

"Anaelewa! Ananifanyia kusudi!"

Hata leo nafurahi kwamba katika hilo nilisema kweli.

Idi ikafika. Nilikwenda na arobaini yangu ya kuungaunga, na maji sita niliyobadilishana na watoto wadogo. Mbele ya mtaa mzima nilishika wanyama saba mkononi, wazuri wote, hakuna hata mmoja anayeweza kutoka. Abdu aliweka mjusi mezani, polepole.

"Mndzuani," akasema, "kwenu wamekata na maji pia?"

Walicheka wote, hata mwenye duka. Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya saba. Naikumbuka yote kwa kuwa ilikuwa fupi: "Mmejitenga, basi jitengeni na maji yenu. Mimi sina ndugu huko." Nilimpa mtu aliyekuwa akisafiri kesho yake. Wanyama wangu nikawagawa mtaani.

Faridi hakuandika tena. Wiki tatu za mama zikawa miaka, na visiwa vilipopatana yeye alibaki nyumbani kwake. Nilikwenda likizo nikamkuta Faridi amenipita urefu. Alinipokea begi kwa heshima. Hatukutaja karata siku ile, wala siku nyingine. Alijifunza ufundi wa umeme, akaoa, na mwaka huu homa ikamchukua kwa siku nne.

Baada ya hitima mama alinikuta nimeshika kopo.

"Nilimwambia mara ngapi, mtumie dadako vikaratasi vyake," alisema. "Akanijibu, nikimpa yote hataniandikia tena."

Chini ya karata zilikuwamo barua zangu saba, ameziandika namba kwa penseli. Ya saba imekunjwa mara nyingi kuliko nyingine, hata ikawa ndogo kama ukucha. Nilizisoma zote nikitafuta mahali nilipomwuliza kuhusu meno yake, au kama giza linamtisha. Sikupaona. Hata salamu hamna. Ni maji, maji, maji.

Nimekasirika naye, na sioni haya kusema. Angeniambia tu: dada, nitumie barua, sina wa kuongea naye. Maneno machache, kuliko kunihangaisha Ikoni na Vouvouni. Lakini nimeapa kuandika kweli hapa. Angeniambia hivyo, nisingemwandikia. Na yeye, mtoto wa miaka tisa, alilijua hilo.