Mfuko Mwekundu Ambao Haukuiva

Nilianza kumwonea wivu kwa sababu ya kaunta buku.

Tulikuwa wawili, mimi na dada mmoja, tunaojitolea katika maabara ya hospitali moja Kisarawe, tukisubiri ajira. Mimi nilikuwa na shahada. Yeye alikuwa na diploma, na nilimzidi umri kwa miaka miwili. Kazi ya taka, ambayo hakuna aliyeipenda, tuliifanya kwa zamu. Sahani za kuoteshea bakteria, vikopo vya makohozi na vya choo, vyote viliingia kwenye mifuko myekundu, na mifuko ikaingia kwenye otoklevu, lile sufuria kubwa linalopika kwa mvuke mpaka kila kilicho hai kife. Juu ya kila mfuko tulibandika kipande cha tepu ambacho kikipata joto hutoa mistari myeusi. Baada ya kupika tulikata nusu ya tepu ile, tukaibandika kwenye kaunta buku na kutia sahihi.

Kurasa zake zilikuwa za kuonyesha wageni. Alipiga rula kwanza, ndipo akabandika. Zangu zilipinda. Wakaguzi wakija, mkuu wa maabara alifungua kurasa zake.

"Msomi wetu," aliniambia siku moja mbele ya watu, "hata kubandika tepu kunahitaji utafiti?"

Walicheka wote isipokuwa yeye. Hilo liliniudhi zaidi, maana hata sababu ya kumchukia alininyima.

Kisha tukasikia kwamba nafasi moja ya mkataba ingetoka, na mkuu angempendekeza mmoja wetu. Nilikuwa natoka nyumbani Kibaha kila alfajiri, napitia Kiluvya, nafika kazini nimebadilika rangi kwa vumbi. Mama alikuwa ameacha kuniuliza habari za ajira. Siku hizi aliniuliza tu kama nimekula. Niliitaka nafasi ile kiasi kwamba kila mkuu alipomwita yule dada "mwanangu", nilisikia kama kuna kitu changu kimechukuliwa.

Mimi ni mtu wa kutilia shaka. Chuoni walinichoka kwa maswali. Na swali lililonijia sasa lilikuwa zuri, ingawa lilitoka mahali pabaya: tepu inasema nini hasa? Inasema kwamba nje ya mfuko kulikuwa na joto. Katikati ya mfuko je? Umeme ulikuwa unakatika ovyo, kwa hiyo tulizoea kujaza mifuko mpaka mdomoni, kuikaza fundo na kuibananisha ndani ya otoklevu ili mzigo wote upikwe kwa mara moja. Mvuke ungepitia wapi? Ugali ukiupika hivyo, nje utashika rangi ya ugali na ndani utabaki unga.

Hata mimi nilipakia hivyo hivyo. Lakini sikujiuliza kuhusu mifuko yangu. Nilijiuliza kuhusu yake.

Jumatatu, kwenye zamu yake, alipotoka kwenda kunywa chai nilifungua mfuko mmoja na kuzamisha katikati kichupa chenye bakteria wa udongo, wa aina isiyomdhuru mtu lakini ngumu sana kufa. Nilikifunga uzi, nikauacha uzi utokeze shingoni. Jioni mistari myeusi ilitoka vizuri kama kawaida, naye akabandika kwa rula kama kawaida. Alipoondoka nilikivuta kichupa, nikafunga tena mfuko, na nikaotesha vilivyokuwamo kwenye kabati la joto.

Jumatano asubuhi sahani ilikuwa imejaa. Bakteria wangu walikuwa wameoga mvuke tu, hawakufa. Nilifurahi kama mtu aliyefunga goli dakika za mwisho, na sikumwambia mtu. Kikao cha maabara kilikuwa Ijumaa, na nilitaka nizungumze mbele ya wote.

Lakini Alhamisi ndiyo siku ya gari. Kichomea taka chetu kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo mifuko ilipelekwa Kibaha ikachomwe huko. Nilimsaidia dereva kupakia. Mfuko ule niliunyanyua mwenyewe, nikiwa nimevaa glovu mbili.

Ijumaa nilisimama na sahani yangu mkononi. Nilieleza mvuke, nilieleza fundo, nilieleza kichupa. Kisha nikasema, kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima, "Zamu haikuwa yangu."

Mkuu aliichukua sahani, akaiinua kwenye mwanga. "Uko sahihi," alisema. Nilikuwa nimeyasubiri maneno hayo miezi.

Yule dada hakujitetea. Aliuliza kitu kimoja tu: "Kaka, huo mfuko uko wapi sasa hivi?"

"Umeenda Kibaha. Jana."

Alikuwa ameshasimama. "Yule mzee anayechoma taka huko anafungua mifuko," alisema. "Ikiwa na maji anayamwaga kwanza yasizime moto. Halafu akiona mistari myeusi anavua glovu, anasema zinamuunguza."

Mimi sikujua. Ni mimi niliyekaa Kibaha, lakini yeye ndiye aliyewahi kumuuliza mzee anafanyaje kazi yake.

Simu ya mzee iliita bila kupokelewa. Mkuu alitupa gari. Njia nzima dada alipiga na kupiga tena, na mimi nilikaa kando yake nikimwonea wivu, jambo ambalo naona aibu kuliandika. Nilimwonea wivu kwa hofu yake. Ilikuwa safi, yangu ilikuwa imechanganyika na hesabu ya nafasi.

Tulimkuta uani, moto umeshika, mfuko umepasuliwa miguuni, sahani zimetandazwa juani. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, wanangu. Mmeleta mzigo mwingine?"

"Usiguse tena, baba. Lete mikono."

Dada alimnawisha kwa sabuni na maji mengi, kisha spiriti, akigeuza vidole kimoja kimoja kutafuta michubuko. Mzee akatucheka. "Leo nimekuwa bwana harusi? Naoshwa hivi, mahari katoa nani?"

"Mfuko haukuiva, baba. Kosa letu."

Alisema letu. Hakunitazama alipolisema. Ningeweza kunyamaza, lakini neno lile lilinikera kuliko tusi, kwa sababu alikuwa ananigawia kitu chake na mimi sikustahili.

"Mimi nilijua tangu juzi," nilimwambia mzee.

Aliacha kucheka. "Ulijua, ukauleta?"

"Nilikuwa nangoja kikao."

Alinitazama juu mpaka chini, halafu akamgeukia dada. "Huyu ndiye yule mnayesema kasoma sana?"

Tulivaa glovu, tukakusanya sahani zote, tukazichoma tukiwa tumesimama hapo hapo mpaka zikayeyuka.

Mzee hakuugua. Najua kwa sababu yule dada alimpigia kila siku kwa wiki mbili, na mimi nilikuwa namsikia.

Siku ya kuandika pendekezo mkuu aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa mbele yake, mahali pa jina pakiwa wazi. Hakunifokea. Alisema kuanzia sasa mifuko itajazwa nusu na fundo litalegezwa, na kwamba hilo ni kwa sababu yangu. Kisha akauliza, "Ungekuwa wewe umeshika kalamu hii, ungeandika nani?"

Nimeuliza maswali maisha yangu yote, na sikumbuki kuulizwa moja lililonibana hivyo. Nilifikiria kusema jina langu. Lilifika kabisa ulimini.

Nikataja lake. Sikulitaja kwa moyo mweupe, na nadhani mkuu aliliona hilo, lakini aliliandika.