Dawa ya Bashiru, Shingo ya Mshamu

Mwamini alikuwa amechoka hata kuchoka kwenyewe alikuwa amekuzoea. Tangu mpunga uanze kutia maziwa, yeye na mumewe Mshamu walihamia dunguni, kile kibanda cha juu ya miti katikati ya shamba, wawinge ndege. Lakini aliyewinga ni Mwamini peke yake. Mshamu alikaa tu, shingo imekaza upande, mate yanamchuruzika, mikono inatetemeka.

Ni vile vidonge alivyopewa hospitali. Kabla ya hivyo, Mshamu alikuwa akisikia watu wasioonekana wakimtukana, naye akiwajibu kwa panga. Vidonge viliwanyamazisha wale watu, vikamkausha na yeye.

Ajabu sasa, Bashiru, binamu yake na mtani wake, alikuwa akimeza vidonge vile vile, na zama hizi za biashara ruksa alikuwa akiendesha baiskeli kutoka Ruaruke hadi Kibiti kuuza mitumba, mzima kabisa.

"Mshamu, umekuwa mwiko wa pilau!" Bashiru alimtania akipita. "Dawa moja, mimi nacheza ngoma, wewe umekakamaa! Jini lako bishi hilo!"

Mshamu alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Mwamini hakucheka. Kama dawa ni moja, basi kasoro ni ya mumewe. Akaamua kimoyomoyo: vidonge vikae kwanza, asimpe, mpaka mpunga uvunwe. Ndege hawafukuzwi kwa ukimya, wanafukuzwa kwa mikono.

Na mikono ikarudi kweli. Nao wale watu wakarudi. Mchana mmoja Mwamini akamkuta Mshamu kwenye shamba la jirani yao Hemedy, anawinga ndege wasiokuwepo, mpunga wa mwenzake umelala chini.

"Shemeji, hiki kilikuwa chakula cha wanangu," Hemedy alisema taratibu. Afadhali angetukana.

Wakaenda hospitali Kibiti. Mwamini alimweleza mganga kila kitu, macho chini. Mganga, mama wa makamo, hakugomba.

"Mbona hukuniambia shingo imekaza? Mwili wa Bashiru si wa mumeo, mama. Si kuna anayelewa kwa tambuu moja, na mwenzake anatafuna kutwa? Hii dawa nyingine haikazi sana, ila inalaza. Tutajaribu. Ikikataa, tutajaribu nyingine."

"Tutajaribu," Mwamini alirudia. Neno lenyewe lilimchosha.

Dunguni, Mshamu alilala asubuhi, akalala adhuhuri, na Mwamini akawinga mpaka sauti ikamkauka. Alasiri mume akaamka, shingo imenyooka.

"Wale watu wapo?" Mwamini aliuliza.

"Hawapo. Ila macho mazito, kama yametiwa mchanga." Akajivuta hadi ukingoni. "Hebu lala, mama Siti. Nitawinga mimi."

"Utasinzia."

"Nikisinzia ndege watakula. Wewe lala."

Mwamini akajinyoosha kwenye mkeka. Akamsikia akipiga ukelele, mzito, wa kilevilevi, na mbawa zikaruka mpungani. Kisha kimya. Akataka kufumbua macho amtazame kama yu macho, akashindwa.