Maneno ya Rukia, Sifa za Bosi

Mwanangu Rukia anaandika maelezo, na kompyuta inayasoma na kuyatii!

Akili mnemba, jamani. Anaieleza namna ya kutumia programu za ofisini kwao, kama mimi nimtumavyo mtu sokoni Kongowea: "Ukikosa nilichokuagiza, usibuni. Rudi uulize."

Mfano huo nilimpa mimi, maelezo yote akayaandika yeye.

Leo alikuwa mkutanoni kwa simu, sebuleni kwangu. Bosi wake akayasoma, kisha akajisifu, "Haya niliyawaza mwenyewe."

Nikapaza sauti, "Muongo! Wallahi ni ya Rukia!"

Rukia akaiziba simu kwa kiganja.

"Mama, nitafukuzwa kazi," akaninong'oneza, machozi yanamtoka.

Wenzake wote mkutanoni walijua. Hakuna aliyemtetea, hata mmoja.

Basi tutamsifu sisi. Pilau kwangu Kisauni, njooni nyote Ijumaa baada ya swala.