Mguu wa Shangazi na Shoka Langu

Naikumbuka siku moja niliyotoka nyumbani, mwanangu, maana enzi hizo siku zangu za kutoka zilihesabika. Kwenye kituo cha afya hapa Ole walikuja watafiti wa kisukari. Waliita familia mpaka za kijiji cha Tumbe, waulize nani kaugua nini, kisha watoe damu wachunguze kinachorithiwa.

Nilikuwa kijana, kifungua mimba, baba keshafariki, basi nikajibu mimi. Tatizo, watu wa Tumbe walikuwa wamemposa dada yangu Asha, na kwetu kabla ya ndoa huulizwa ukoo una maradhi gani. Nikaona nikisema kweli, harusi hakuna.

"Baba alikufa na nini?" akauliza daktari, binti mpole.

"Uzee."

"Na shangazi yako huyu, mguu wake ulikatwa na nini?"

"Shoka. Alikuwa anachanja kuni."

Shangazi Mize mwenyewe kakaa ubavuni mwangu, magongo mapajani! Akacheka mpaka ushungi ukamvuka.

"Weye Omari! Babako kafa na miaka arobaini, uzee gani huo? Na mie sijui mguu wangu ulikwenda na nini? Andika, binti: sukari. Baba yetu sukari, kaka yangu sukari."

Nikatamani ardhi inimeze, kwani nyuma yetu alikaa Mzee Faki, ami yake bwana harusi. Akakohoa.

"Bi Mize, msamehe. Sie nasi tuna shoka letu. Mamake bwana harusi hujidunga sindano kila siku, na tulikuwa twaomba msituulize."

Kituo kizima kicheko. Daktari akatueleza kwamba kisukari hiki hakiletwi na kitu kimoja. Ni vitu vidogo vingi, baba hutoa kidogo, mama kidogo, kisha chakula na kukaa tu huongeza. Aliposema kukaa, akanitazama tumbo. Watafiti huvitafuta vitu hivyo kwa kulinganisha familia nyingi, na uongo wa mtu mmoja huwapotosha.

Tukapimwa. Asha salama. Mwenye sukari nani? Bwana Shoka, mimi! Harusi ikafanyika, nami pilau nikapimiwa na shangazi kwa kijiko.

Basi mwanangu, ukiulizwa maradhi ya kwenu, sema, kwa mchumba na kwa daktari. Kama kwenu ipo sukari, pima mapema hata kama husikii kitu, na utembee. Mie hutembea kila asubuhi, nikilalamika njia nzima.

Mwenyezi Mungu akufikishe uzeeni na miguu yote miwili, na akujaalie shangazi mwenye mdomo kama wangu.